Mwaka huu tunaenda Kalemie kutembea



Mwezi uliopita dada ya bwana yangu, yule anayeishi Uholanzi, alitutumia picha kwenye simu. Walikuwa wamekwenda likizo na watoto wao katika kisiwa kinachoitwa Bonaire, kwenye bahari ya Karibiani, karibu na Venezuela lakini kiko chini ya Uholanzi. Maji ya samawati, watoto wamevaa miwani ya kuogelea na bomba la kupumulia mdomoni, samaki wa manjano wanapita mbele ya nyuso zao. Alitueleza kwa sauti kwamba watu wanatoka pande zote za dunia kwenda pale kuzama tu, wala si kuvua. Kando ya barabara kuna mawe yaliyopakwa rangi ya manjano. Ukiona jiwe unasimamisha gari, unabeba chupa ya hewa mgongoni, unaingia baharini kwa miguu yako. Bahari yote inayokizunguka kisiwa ililindwa tangu 1979, ndiyo maana samaki wake hawakimbii watu.

Watoto walitazama picha zile mpaka chaji ikaisha. Kisha kijana wangu wa miaka kumi na miwili akauliza, "Mama, na sisi tutaenda vakansi wapi?" Baba yake akamjibu, "Utaenda shambani kwa babu yako, kuna mihogo inakungoja." Tulicheka wote, lakini swali lile lilinikaa moyoni. Mimi mwenyewe sijawahi kusafiri na watoto wangu mahali popote kwa furaha. Safari tulizofanya pamoja zilikuwa za kilio cha msiba, za kwenda hospitali, na ile ya 2017 ambayo wengi wenu mnaijua kwa sababu tulikuwa njiani pamoja.

Siku ya pili niliwauliza watoto, "Mnajua maji ya Lukuga yanatoka wapi?" Yule wa miaka saba akasema yanatoka mlimani. Nikawaambia, yanatoka ziwani. Ziwa Tanganyika linapokea mito mingi, lakini mto unaotoka humo ni mmoja tu, nao ni huu Lukuga. Unaanzia pale Kalemie, unapita katika teritwari yetu ya Nyunzu, unakwenda kuingia Lualaba. Wala ziwa lenyewe si dogo. Lina urefu wa kilomita 673, na kina chake kinafika mita 1,470. Duniani kote ni ziwa moja tu linalolishinda kwa kina, Baikal la Urusi. Na wale samaki wa rangi rangi wanaokaa kwenye mawe, wa manjano, wa bluu, wenye mistari kama punda milia, wapo aina zaidi ya mia mbili, na karibu wote hawapatikani mahali pengine popote. Wazungu wanawafuga ndani ya masanduku ya vioo majumbani mwao. Upande wa Tanzania na wa Zambia wako wageni wanaolipa ili wazame na kuwaona. Na sisi tunaokaa kwenye njia ya reli inayofika ziwani tangu 1915, watoto wetu wanamjua ndagala mkavu tu, tena kwa kumhesabu kwenye sahani.

Hapo ndipo nilipoamua. Nikamwambia bwana yangu, mwaka huu tunaenda Kalemie, siku nane, sisi wote sita.

Hakukubali. Simlaumu, na nadhani kwenye nyumba nyingi zenu majibu yangekuwa yale yale. Alisema nyumba inavuja na mvua itarudi kabla hatujanunua mabati. Alisema watu watasema tumepata pesa ya wizi. Alisema likizo ni mambo ya watu wenye mshahara. Nikamwambia zamu yangu ya likelemba inaanguka mwezi wa saba, pesa ile ni yangu, na sitaomba franka hata moja ya mabati. Akanyamaza kwa namna ile ambayo mwanamke aliyeolewa anaijua, si ndiyo wala si hapana.

Nikaanza kupanga. Kulala si shida, shangazi yake ana nyumba Kalemie, na chumba kimoja kwa mikeka kinatutosha. Chakula tutabeba: unga wa mihogo wa bukari, karanga, maharage. Na tutabeba bidoni mbili za mawese za kuuza, kwa sababu kule bei inapita ya hapa, na hiyo ndiyo nauli ya kurudia. Kama kuna mama anataka kujifunza kitu katika maneno yangu haya, ajifunze hilo la bidoni. Ukienda na kitu cha kuuza, hata majirani hawakuulizi unaenda kufanya nini.

Tarehe nazo zilinisumbua. Mwanzo nilitaka tuondoke mara watoto wakipata matokeo, mwanzo wa mwezi wa saba. Lakini nchi nne zinazozunguka ziwa zilikubaliana kuupumzisha uvuvi miezi mitatu, kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki wazaane. Sasa nifike ziwani na watoto wale ndagala mkavu tuliyemwacha Nyunzu? Tena miezi ya sita na ya saba upepo wa kusini unavuma sana, na mawimbi si ya watoto. Nikaona heri tungoje, tuondoke baada ya 15 Agosti, turudi kabla ya masomo kufunguliwa mwezi wa tisa.

Wadogo walipokea habari hiyo kwa kelele. Aliyenishangaza ni binti yangu wa kwanza, ambaye sasa yuko mwaka wa mwisho wa sekondari. Alisema, "Nyinyi mwende. Mimi nitabaki kulinda nyumba." Nikadhani ni mambo ya kijana fulani, nikaanza hata kuchunguza, Mungu anisamehe. Nilimwuliza mara mbili, akajibu yale yale. Mara ya tatu tulikuwa tunamenya karanga jioni, wawili tu, baba yake hajarudi. Akaniambia bila kuinua macho.

Wengi wenu mnajua kwamba 2017, vita ya Waluba na Watwa ilipotufukuza hapa, tulikwenda Kalemie kwa miguu, na tulilala chini ya maturubai pale Katanika. Na mnajua kwamba nilimzika kule mtoto wangu wa kiume, alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne. Kolera ilimchukua kwa usiku mmoja na asubuhi moja. Mambo haya siyasemi mara nyingi. Msichana wangu alikuwa na miaka tisa wakati ule, na kazi yake ilikuwa kuchota maji.

Akasema, "Mama, siku ile kwenye bomba kulikuwa na mstari mrefu. Nilichoka. Nikaenda na wenzangu, tukachota ziwani. Nilikwambia ni maji ya bombani."

Miaka yote hii alikuwa ameyabeba peke yake. Amekua, amebatizwa, amesoma mpaka anakaribia diploma, na kila nilipotaja jina la Kalemie yeye alikuwa anasikia kitu kingine. Na mimi mama yake sikujua.

Sikujibu upesi. Ningetaka kuwaambia kwamba nilipata maneno mazuri, lakini nilichofanya ni kuendelea kumenya karanga mpaka mikono ikatulia. Halafu nikamwambia mambo matatu. Kwamba aliyemtuma ni mimi. Kwamba juma lile kwenye mstari wetu wa maturubai waliugua watoto wengi, pamoja na wa mama aliyechota bombani kila siku, na kwamba kolera hupita pia kwa mikono, kwa vyakula, kwa vyoo, na sisi vyoo vyetu mliviona. Na kwamba hata kama ingekuwa maji yale, mtoto wa miaka tisa haui mtu kwa kuchoka. Akalia, nami nikalia. Karanga zile tulizipika siku iliyofuata, nusu zilikuwa na maganda.

Aliniruhusu nimwambie baba yake. Bwana yangu alisikiliza, akatoka nje, akakaa kwenye kiti chake chini ya mwembe mpaka usiku mkubwa. Asubuhi akasema, "Tutaenda wote. Mabati yatangoja." Hajaligusa tena neno la mabati tangu siku ile.

Basi mpango wetu umebadilika. Siku ya kwanza hatuendi kuogelea. Tutakwenda kwanza kulitafuta kaburi. Niliweka mawe matatu, sijui kama bado yapo, lakini mahali penyewe napajua hata nikifumba macho. Wadogo wawili waliozaliwa baada ya kurudi hawajawahi kuambiwa vizuri kwamba wana kaka kule. Baada ya hapo ndipo watayaona maji.

Binti yangu ameweka sharti moja: yeye ndiye atakayesimamia maji ya kunywa, na hakuna atakayemwingilia. Ameandika kwenye daftari. Maji yote yachemshwe mpaka yatoe mapovu makubwa, yatiwe kwenye bidoni yenye kifuniko, kikombe cha kuchotea kiwe kimoja na chenye mpini. Sabuni iwe mlangoni. Matunda yaoshwe kwa maji yaliyochemshwa. Tunabeba pakiti za chumvi za SRO kutoka kituo cha afya, na zikiisha anajua kutengeneza mwenyewe: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mtu akianza kuhara maji maji anaanza kunyweshwa pale pale huku anapelekwa kwa waganga, haingojwi asubuhi. Sisi tulingoja asubuhi.

Kuhusu kuogelea, muuguzi wa kituo alinipa shauri ambalo nawapitishia. Kichocho kipo ziwani, hasa kwenye maji yaliyotulia na yenye majani, kwa sababu ndimo konokono wake wanamokaa. Penye mawe na mawimbi hatari ni ndogo, ingawa haiishi. Watoto wakitoka majini wafutwe upesi kwa kitambaa mpaka wakauke, wasiachwe wakaushwe na jua. Na tukirudi, baada ya wiki kadhaa, wapimwe, kwa sababu dawa yake ipo. Mdomo wa Lukuga hatutausogelea, kuna mamba na viboko. Tena tangu maji ya ziwa yalipopanda sana, 2024 yaliingia hata kwenye nyumba za watu, pwani haiko kama tulivyoiacha, kwa hiyo tutawauliza wenyeji kwanza mahali ambapo watoto wao wanaogea.

Kijana wangu alitaka pirogi. Ameona kwenye picha za Bonaire watu wanapelekwa na mashua. Nimekataa, na hapo sitanii. Kila mwaka tunasikia habari za mitumbwi iliyozama, imejazwa watu na magunia, hakuna hata mmoja aliyevaa jile ya kuelea. Nilimwambia, siku nitakapoona jile sita zinazowatosha sisi sita, na asubuhi isiyo na upepo, tutaongea. Amenuna siku mbili. Baadaye niliwaeleza kwamba hata Bonaire wengi wanaingia majini kwa miguu kutoka nchi kavu, na kwamba samaki wa mawe hawakai katikati ya ziwa, wanakaa pale pale kwenye mawe ya kandokando, maji yakiwa ya kiunoni. Huko chini kabisa hakuna samaki hata mmoja, hewa ya kupumua haifiki. Hilo lilimtuliza kidogo.

Imebaki safari yenyewe. Treni haina siku yake, mnajua. Tunaulizia kituoni kila juma, na kama haitakuja tutapanda gari, kiangazi barabara inavumilika. Mama wawili wa kikundi chetu wamesema wangependa tuongozane, mmoja wao ni Mutwa na alikuwa Kalemie mwaka ule ule, upande mwingine wa kambi. Nafasi kwa shangazi haitoshi watu wote, lakini tukijua mapema tunaweza kutafuta chumba na kugawana bei. Mwenye nia aniambie siku ya mkutano, kabla likelemba yangu haijaanguka, kwa sababu nikishaishika pesa ile nataka iende mahali pake.

Miwani ya kuogelea tumepata moja, mfanyabiashara mmoja aliniletea. Ni moja kwa watoto wanne, na wamekwisha kugombana. Juzi usiku niliamka kufunga mlango wa jikoni, nikamkuta binti yangu mkubwa ameivaa, ameinamisha uso ndani ya beseni la maji, na vidole vyake vinahesabu sekunde kwenye ukingo.