Kuku Naye Ana Kiu

Maisha ni nini? Ndugu msomaji, swali hili nimeliandika mara tatu juu ya ukurasa wa kwanza wa kaunta buku langu, na mara zote tatu nimelifuta. Nadhani kila kijana anayeanza kushika kalamu huona ni lazima aanze na swali kubwa, ili watu wajue kwamba ana akili. Mimi leo nitaanza na kuku. Ukicheka, cheka tu, ila usiache kusoma.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2021. Matokeo yalipotoka sikutaka hata kuyatazama mara ya pili. Mama akauza mbuzi mmoja, akanikatia tiketi ya basi, nikaja Dar kwa mjomba, Ilala, chumba kimoja, watu watano. Mwanzoni mwa mwaka 2023 nikapata kibarua Kariakoo, kwa bwana mmoja mfanyabiashara wa kuku wa kienyeji. Nyumbani niliwaambia "nipo kwenye biashara." Biashara yenyewe ilikuwa kushusha matenga, kufunga kuku miguu, na kufagia mavi yao kabla wateja hawajaanza kuziba pua.

Usiku, mjomba akishazima taa, nilikuwa najibanza mlangoni kwenye mwanga wa taa ya jirani, natunga riwaya. Ilikuwa riwaya ya mapenzi, bwana. Msichana mrembo wa Masaki na kijana maskini mwenye moyo wa dhahabu. Nililiandika neno "upendo" kila baada ya mistari miwili. Ningekuwa nalipwa kwa neno hilo, leo ningekuwa na nyumba.

Sasa sikiliza. Kuku wengi wa kienyeji wanaokuja Dar wanatoka bara, Singida na Dodoma huko. Wanajazwa kwenye matenga, wanafungwa juu ya gari, wanasafiri saa nyingi. Wakifika, mmoja kakanyagwa, mwingine kavunjika bawa, wote midomo wazi kwa joto. Sisi kazi yetu ni kuwatoa, kuwafunga watano watano, na kuwaning'iniza miguu juu kichwa chini kwenye mpini wa baiskeli, maana mteja wa hoteli hana muda wa kusubiri. Siku ya kwanza nilihisi kitu kifuani. Siku ya tano nilihisi kidogo. Baada ya wiki mbili nilikuwa nafunga kuku huku napiga mluzi.

Shuleni tulisoma Adili na Nduguze cha Shaaban Robert. Wengi mnakikumbuka: kuna liwali, mtu mwema kabisa, ambaye kila usiku analazimika kuwachapa viboko manyani wawili, na kitendo kile hakimfurahishi hata mara moja. Darasani tulijibu maswali ya wahusika na maudhui, tukapata alama zetu, basi. Mpaka niko Kariakoo na kamba mkononi ndipo nilipokishangaa kitabu kile. Yule Adili alirudia tendo lile kila usiku na moyo wake haukuota sugu. Mimi wangu ulichukua siku kumi na nne.

Siku moja likashuka tenga ambalo karibu kuku wote walikuwa wamekufa. Bosi akatukana dereva, akatukana konda, kisha akanigeukia: "Katupe huko, haraka, kabla wateja hawajaona." Nikalibeba. Nilipofika kwenye takataka nikaona jicho moja linafumba na kufumbua. Alikuwa tetea mwekundu, mzima, amelaliwa na wenzake. Nilimwona vizuri. Halafu nikasikia washikaji nyuma yangu wanaita, wanacheka, nikaogopa wataniona namwonea huruma kuku. Nikamtupa na wenzake.

Palikuwa na mzee mmoja mchukuzi, mwenye mkokoteni wake, kapumzika kivulini. Akainuka, akainama kwenye zile takataka, akamtoa yule tetea. Akafungua chupa yake ya maji ya kunywa, akamimina kwenye kifuniko, akamwekea mdomoni. Kuku akanywa. Akanywa tena. Mzee akamlaza pembeni ya gurudumu, penye kivuli.

Adhuhuri nikapita pale. Kuku kafa. Nikaona hapa ndipo pa kujitetea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mzee, si umepoteza maji yako bure? Kafa vilevile."

Akanitazama, hakukasirika. "Alikuwa na kiu, akanywa," akasema. "Ulitaka nini zaidi?"

Akashika mkokoteni wake akaondoka. Mimi nikabaki nimesimama kama mjinga.

Usiku ule sikuandika neno "upendo." Nililitazama tu lilipokuwa limejaa kwenye kurasa za nyuma, nikaona aibu.

Tangu siku ile nikaanza kuweka kopo. Kopo la rangi, nimeliosha, nalijaza maji nalipitisha kwenye matenga kila yanaposhuka. Washikaji wakanipa jina, "Daktari wa Kuku." Bosi mwanzoni alinuna, baadaye akanyamaza, kwa sababu vifo vilipungua na kuku aliyekunywa maji anasimama vizuri mbele ya mteja. Sitaki nijifanye mtakatifu. Kuku ninaowapa maji asubuhi, jioni wanachinjwa, na Jumapili mjomba akinunua mmoja, paja nalila. Nimelifikiria sana jambo hili. Nimeona kwamba kuchinjwa ni jambo moja, na kuteswa kabla ya kuchinjwa ni jambo lingine. Hata wachinjaji wetu wa Kiislamu wanafundishwa kisu kinolewe vizuri na mnyama asionyeshwe. Na sheria ya nchi ipo, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inakataza kumtesa mnyama bila sababu. Sijawahi kumsikia mtu akiitaja sokoni.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe iliyonifanya niandike haya.

Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, asubuhi, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, huku upande wa Mchikichi. Wengi wenu mnajua, mliona kwenye simu. Mimi nilisikia. Kwanza kishindo, halafu vumbi likaja kama ukungu, halafu watu wanakimbia, nusu wanakimbilia kule na nusu wanakimbia kutoka kule. Niliacha matenga pale pale juani nikakimbilia kule.

Sitasimulia kila nilichokiona, wengine waliofiwa wanaweza kusoma hapa. Nitasema tu kwamba kabla mashine hazijafika watu walichimba kwa mikono. Waliokuwa chini walikuwa wanapiga simu. Fikiria hilo: mtu yuko chini ya zege na simu yake inaita mfukoni mwa ndugu yake aliyesimama juu. Mimi nilisimama kwanza. Ndiyo, nilisimama, nimeshika simu juu kama wengine, narekodi. Kisha nikamwona yule mzee wa mkokoteni kwenye mstari wa watu wanaopokezana matofali, shati limelowa. Hakuniita wala hakuniona. Nikaweka simu mfukoni nikaingia kwenye mstari, nyuma ya mama ntilie mmoja aliyekuwa bado na aproni yake. Tulipokezana vifusi mpaka kucha zikatoka damu. Baadaye waokoaji wakatuondoa, wakasema sasa tuwaachie wenye vifaa. Kazi ile iliendelea kwa siku kadhaa. Mwisho wa yote walioopolewa hai walizidi 80, na waliokufa walizidi 25.

Jioni nikarudi kwenye kijiwe chetu, miguu inatetemeka. Mzee akapita na mkokoteni mtupu, uso mweupe kwa vumbi. Akasimama, akatazama matenga yangu.

"Umewapa maji hawa?"

Ndugu msomaji, nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kuipata. Nikamjibu kwa sauti, mimi, mtoto, mbele ya watu: "Mzee, watu wanakufa pale! Watu! Wewe unauliza kuku?"

Hakunijibu. Akachukua kopo, akaenda kwenye dumu, akajaza, akaanza kulipitisha tenga moja baada ya jingine. Mikono yake ilikuwa na damu, ile ile niliyokuwa nayo mimi. Akamaliza, akaliweka kopo chini taratibu. "Mwanangu," akasema, "hawa wamekaa juani tangu asubuhi. Wale kule wana watu. Hawa wana wewe."

Nikakaa chini nikalia. Sijui nililia kwa ajili ya nani. Nadhani nililia kwa wote pamoja.

Swali langu la hasira nimelibeba mpaka leo, na nataka nilijibu hapa kwa sababu najua wako wengi wanaoliuliza. Wanasema: nchi yenye watu maskini, watoto wanaolala njaa, wagonjwa wasio na dawa, itapata wapi muda wa kumhurumia kuku, punda, mbwa wa mtaani? Tumalize kwanza matatizo ya watu.

Zamani na mimi ningesema hivyo hivyo. Lakini tazama jina la hapa tulipo. Kariakoo ni lile neno la Kiingereza, Carrier Corps, lililogeuzwa na ndimi zetu: kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, waliokuwa na kambi mahali hapa. Kwa nini vita vile vilihitaji wapagazi wengi hivyo? Kwa sababu farasi na ng'ombe walikuwa wanakufa kwa mbung'o, na mnyama akishakufa mzigo alibebeshwa mtu. Wapagazi walikufa maelfu kwa maelfu, kwa njaa, kuhara na kuchoka. Pale Samora, juu ya ile sanamu ya mwaka 1927, anasimama askari mwenye bunduki. Aliyebeba mzigo tunamkumbuka, kama tunamkumbuka, kwa jina la soko.

Nikiwafikiria wale naona jambo moja. Mtu aliyezoea kwamba kiumbe fulani kazi yake ni kubeba mpaka afe, siku kiumbe yule akikosekana hatafuti huruma, anatafuta mwingine wa kumbebesha. Mkono niliomtupia tetea takatakani ndio mkono huo huo uliosimama umeshika simu watu wakiwa chini ya zege. Na mkono wa mzee uliomnywesha kuku ndio uliotangulia kwenye mstari. Huruma haiko kama ndoo ya maji, kwamba ukimpa kuku kikombe kimoja mtu atapungukiwa. Nimeona kwa macho yangu ni kama mkono wa fundi: asiyeutumia kwa kazi ndogo siku ya kazi kubwa unamkataa.

Wenye dini zao wanalijua hili kutupita sisi. Waliosoma madrasa wanaijua hadithi ya mtu aliyemchotea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, akasamehewa dhambi zake. Waliosoma Injili wanajua kwamba hata shomoro mmoja hasahauliwi. Nimekaa na hao wote kwenye benchi moja la kahawa, Kariakoo, na hakuna aliyewahi kunibishia. Tunakubali sote, halafu tunarudi kufunga kuku vichwa chini. Na neno letu lenyewe ni utu. Nilidhani utu ni jinsi mtu anavyomtendea mtu mwenzake. Siku hizi naona mtu mwenzako anaweza kukulipa, kukushtaki au kukusema mtaani, kwa hiyo ukimtendea wema bado hatujajua moyo wako. Utu wako wanaujua wale wasioweza kwenda kukushtaki popote.

Mzee yule siku hizi haonekani sana. Nasikia mgongo unamsumbua na amerudi kwao Rufiji, wengine wanasema yuko kwa binti yake Mbagala. Nilikuwa sijawahi kumuuliza jina, nilimwita "mzee" tu kama watu wote. Hilo nalo naliona ni kosa langu, na siwezi kulirekebisha kwa kumtungia jina kwenye karatasi.

Ile riwaya ya Masaki nimeiacha. Ninaandika nyingine, polepole, na ndani yake bado sijaandika neno "upendo" hata mara moja. Wenzangu mnaotunga, mnaopeleka hadithi zenu hapa na kusubiri kwa hamu kama mimi, sina la kuwafundisha. Naomba tu jambo moja. Kesho ukipita sokoni, ukakuta tenga limeshushwa juani, usiandike kwanza. Tafuta kopo.

Kuhusu maisha ni nini, ukurasa wangu wa kwanza bado uko mtupu. Asubuhi saa kumi na moja linashuka gari la Singida. Nimeshajaza dumu.