Siku Dakota Ilipolala kwa Tumbo

Mjukuu wangu, habari za Burma vitabuni ni za Jenerali Slim na Wajapani. Sisi wa keya, yaani askari wa King's African Rifles, katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, tulioteremka Bonde la Kabaw mwaka 1944 mvua zikimwagika mchana na usiku, tulitawaliwa zaidi na njaa. Barabara ilikuwa tope tupu, malori yamezama, kwa hiyo riziki yetu ilitoka angani. Tulifyeka uwanja, tukatandaza vitambaa vyeupe na kuwasha moto wa moshi, ndege za Dakota zikaja. Risasi na dawa zilishuka kwa miavuli. Unga na mchele vilitupwa hivi hivi, gunia ndani ya gunia, ili la ndani likipasuka la nje lizuie. Ole wako likuangukie.

Asubuhi moja Dakota ilizunguka chini chini hata tukawaona vijana mlangoni wakisukuma magunia kwa miguu. Mara injini ya kushoto ikakohoa, ikatema moshi mweusi, ikanyamaza. Bonde lile lina milima huku na huku, na ndege ile haikuwa na nguvu ya kupanda tena. Rubani hakuteremsha magurudumu, maana gurudumu likinasa kwenye tope, ndege hupinduka. Aliilaza kwa tumbo katika majani yaliyotupita kimo, ikateleza ikiyafyeka, mapanga ya injini yakajikunja kama majani ya mgomba yaliyounguzwa na jua.

Tulikimbia. Sikufichi: nusu yetu tulikimbilia magunia, kwa kuwa tulikuwa tukila nusu posho. Sajini wetu, Mnyasa mmoja mrefu, akafoka, “Watu kwanza, wehu nyie! Unga hautoki damu!” Petroli ilinuka hadi machozi yakatutoka. Wakatoka mmoja mmoja: rubani mwenye uso wa madoadoa, pua inavuja damu, wa pili kashika mkono uliovunjika, na msukuma magunia mmoja, mweupe kwa unga tangu nywele hadi viatu, anacheka hawezi kunyamaza. Hakufa hata mmoja. Tulipowafikisha mbali na petroli tuliwapa chai ya maziwa ya kopo, nami nikampa yule wa unga sigara yangu ya mwisho, ingawa sokoni Imphal pakiti ilikuwa imefika rupia nzima. Jioni tulikula ugali ulionuka petroli, na sufuria zikarudi tupu.

Desemba tukaingia Kalewa, na wahandisi wakatandika juu ya mto Chindwin daraja la Bailey la zaidi ya futi 1,100, refu kuliko yote ya aina yake wakati ule. Hilo limeandikwa. Ya Dakota ile aliyeyaandika nilimwona mwenyewe: karani wa stoo, aliyekuja na daftari, akahesabu magunia yaliyopasuka, akatia sahihi, akaenda zake. Vitani huandikwa wafu na mali. Basi ukiniuliza niliona nini Burma, wafu nitakutajia, lakini na hawa waliopona uwahesabu.