Siku walipotufunga macho

Mwaka jana shirika moja tunalofanya nalo kazi hapa Nakivale lilitupeleka Mbarara, hoteli ya mlimani, siku mbili. Wafanyakazi wao 12, sisi volontia 14. Karatasi ilisema tunaenda kujenga timu. Tulifurahi sana, tusidanganye. Kuna wenzetu walikuwa hawajatoka kambini tangu wapokelewe. Nguo zilipigwa pasi ya mkaa mpaka usiku wa manane.

Mchezo wa kwanza ulikuwa wa mpira, tukacheka. Wa pili, mwezeshaji akatoa vitambaa vyeusi: mmoja afungwe macho, mwenzake amshike mkono amwongoze katikati ya viti, ndiyo wajifunze kuaminiana. Dada mmoja wa kwetu alipofungwa tu, akakaa chini kwenye nyasi, akaanza kutetemeka. Mwezeshaji akamwambia, "Jikaze dada, ni mchezo tu." Sisi tunaotoka upande ule wa Kivu tulielewa palepale. Lakini hakuna aliyefungua mdomo, na hiyo aibu ni yetu pia, siyo ya mwezeshaji peke yake.

Siku ya kuondoka wao wakasaini posho (ile ya pesa, siyo ile ya unga), sisi tukapewa soda na nauli. Ndani ya basi, kimya.

Sasa, dada yule ndiye alikuwa anashika daftari letu la akiba. Wiki tatu hakuonekana. Watu wakaanza kunong'ona kuhusu pesa, vile watu walivyo, na wawili wakataka kutoa zao. Kikundi kilibaki kidogo tu kivunjike, na tulikuwa tumetoka kukijenga hotelini!

Madamu wa shirika alisikia, akaja mwenyewe, akakaa na sisi chini ya mti. Hakuleta karatasi. Akauliza, "Nyinyi mngefanya namna gani?" Tukamwambia atupe mwezi mmoja.

Mmoja wetu akatafuta kwenye simu mambo haya yalianzia wapi. Alikuta jina la Kurt Hahn, mwalimu Myahudi wa Ujerumani. Mwaka 1933 alifungwa kwa kumpinga Hitler, akakimbilia Uingereza. Mkimbizi, kama sisi! Mwaka 1941, vita ikiendelea, alisaidia kuanzisha Outward Bound huko Aberdovey, Wales, kufundisha vijana wa melini wasife meli ikizamishwa. Walijifunza mashua, kamba, kuokoana. Kazi ilikuwa ya kweli na kila mtu aliijua hatari yake. Sisi pale hotelini tuliongozwa katikati ya viti.

Basi tukaanza kwa kuzunguka nyumba kwa nyumba, tukiuliza: siku gani huwezi, nani atabaki na mtoto, kitu gani hutaki kabisa kufanyiwa. Majibu yalituvua nguo. Tarehe tuliyotaka iliangukia siku ya mgao. Wasomali wetu wangekuwa wamefunga. Mama wawili mwaka jana hawakwenda kwa sababu ya kunyonyesha, na sisi tulisema ni wavivu. Tukabadili tarehe, tukatafuta bibi mmoja wa kulea watoto hapohapo, naye akalipwa. Na hatukutoka kambini. Wao ndio waje.

Kazi tuliyochagua ni mtaro. Mbele ya kituo chetu cha vijana, mvua ikinyesha, maji yalikuwa yanaingia mpaka kwenye mabenchi. Tulichanganya watu, na aliyejua kuchimba ndiye aliyeongoza, cheo kikae pembeni. Kijana wa miaka 19 anayebeba mkaa alimwambia mhasibu wa shirika, "Hapana mkubwa, jembe halishikwi hivyo." Mhasibu akashika upya. Saa nne mikono yake ilikuwa na malengelenge. Mchana sombe na ugali, wote sufuria moja. Kulikuwa na ugomvi pia, vijana wawili nusura wapigane kwa ajili ya sepeto moja, na mvua ikatufukuza kabla hatujamaliza.

Ndani, tukisubiri mvua, tukaleta lile neno la posho. Madamu hakuzunguka. Alisema bajeti ya posho inatoka kwa wafadhili na hawezi kuigusa mwaka huu, lakini nauli ya volontia ataiongeza, na akaiongeza mwezi uliofuata. Hatukuridhika wote. Lakini ilikuwa mara ya kwanza tunajibiwa bila kuambiwa tuwe na subira.

Dada yule alikuja. Hakuna aliyemwomba asimulie chochote. Alisimama mlangoni na orodha ya majembe, nani kachukua, nani karudisha, na jioni akaomba daftari lake la akiba.

Mtaro tuliumaliza Jumamosi iliyofuata. Shirika limetuomba tupange tena mwaka huu, na dada ndiye anaandika maswali ya kuzungusha nyumba kwa nyumba. La kwanza kaliandika kwa herufi kubwa: NANI HATAKI KUGUSWA?