Kilo za Baharini: Dada wa Mjini, Mzani wa Kioo na Mamkubwa Aliyekula Peke Yake

Kama upo Insta na unafuatilia wadada wa mjini, basi picha hii imeshakupitia. Miguu miwili, kucha nyekundu, imesimama juu ya mzani wa kioo, namba inawaka chini, na pembeni kuna kikombe cha chai. Siku ya 1. Siku ya 2. Siku ya 3. Kila asubuhi bila kukosa mpaka siku ya 60. Mwenye miguu ni dada mmoja wa Dar anayeishi kwa mitindo na matangazo ya mtandaoni. Jina libaki kapuni, maana ukilijua hutasoma tena, utakimbilia kwenye ukurasa wake.

Alianza na kilo 91. Siku ya 60 mzani ulisoma 82.3, na mashabiki wakampa maua yake. Alikuwa ameacha soda, anatembea jioni, chapati mbili zimekuwa nusu. Hapo hakuna uchawi. Ila nyuma ya pazia kulikuwa na dili la chai ya kupunguza mwili. Nusu ya mkwanja alipewa mwanzoni, nusu angepewa siku ya 90 akifika kilo 78, na sharti ni moja: kila siku mzani uonekane na kikombe kionekane.

Sasa katikati ya hizo siku 90 ikaingia safari ya meli ya kitalii.

Aliyemwalika ni mama yake mkubwa anayeishi Houston, Marekani. Huyu mama amefanya kazi ya kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea kwa miaka 19, zamu mbili mbili, sikukuu zikimkuta kazini. Alipotimiza miaka 60 akaamua kujipongeza. Akalipia chumba cha watu wawili, usiku saba, meli inaondoka Galveston, bandari iliyo mwendo wa kama saa moja hivi kwa gari kutoka Houston, inazunguka Karibi na kurudi palepale. Kwenye simu alimwambia, "Njoo tule, mwanangu. Nimelisha wazee wa watu kwa kijiko miaka yote hii, na mimi nataka niletewe sahani nimekaa."

Dada akafunga begi. Kilo 23 za ndege zikajaa, akatoa viatu pea mbili ili mzani wa kioo uenee. Viatu, jamani!

Safari ya Dar mpaka Houston kupitia Doha ni kukaa kwenye kiti karibu siku nzima. Alishuka miguu imevimba mpaka alama za soksi zinaonekana. Kesho yake akapanda mzani: 83.9. Kilo moja na nusu juu, na humo ndani ya ndege alikula kiporo cha mkate na juisi tu. Akalia.

Kuna kitu hapo ambacho wauza chai hawakwambii. Ili mwili utengeneze kilo moja ya mafuta unahitaji kula takribani kalori 7,700 zaidi ya zile unazotumia. Kwa kilo moja na nusu ni kama 11,500 za ziada. Juisi ya ndege haifiki huko hata akikunywa ya abiria wote wa safu yake. Kilichopanda ni maji. Ukikaa muda mrefu maji yanashuka miguuni, ukila chumvi nyingi mwili unayashikilia, na hata wanga unaohifadhiwa kwenye misuli na ini unakaa na maji yake, gramu moja ya wanga kwa kama gramu tatu za maji. Ndiyo maana mtu anaweza kupanda kilo mbili Ijumaa mpaka Jumapili, akazishusha Jumatano, na mafuta yakawa yaleyale.

Wakapanda meli siku ya 63. Asubuhi ya siku ya 64 meli iko katikati ya Ghuba ya Meksiko, nchi kavu haionekani upande wowote. Dada akaweka mzani chumbani. Chini kuna zulia, na mzani wa aina hiyo unataka sakafu ngumu iliyonyooka, kwa hiyo ukasoma kilo 70 na ushee. Alifurahi kama sekunde nne hivi. Akauhamishia bafuni, penye sakafu ngumu, bafu lenyewe dogo mpaka kiwiko kinagonga mlango. Akapanda: 84.6. Akashuka, akapanda tena: 85.4. Tena: 83.0. Tena: 82.1.

Mzani haukuwa mbovu. Mzani hauoni kilo zako, unapima tu jinsi unavyoukandamiza. Wimbi likiinua meli, sakafu inakusukuma juu na namba inapanda. Meli ikishuka, namba inashuka nayo, kama vile tumbo linavyopata hewa lifti ikianza kuteremka. Na ule wa jimu ya melini upo kwenye bahari hiyohiyo, kwa hiyo usijidanganye. Mwenye haja ya kupima kweli asubiri meli ifungwe bandarini.

Dada hakusubiri. Alichukua 82.1, akaiposti kwa kifurushi cha intaneti cha melini ambacho kinalipiwa kila siku. Siku ya 64, moto hauzimi. Komenti zikamiminika. Na hapo ndipo alipojifunga kamba mwenyewe, maana kilo zile alipewa na wimbi, na kesho yake mashabiki wangetaka namba iliyo chini ya hiyo.

Jioni hiyo ilikuwa ya kuvaa. Mamkubwa alitoa kitenge alichoshonesha Kariakoo miaka miwili nyuma akikiwekea siku maalumu, akajipaka wanja, akakaa kitandani akisubiri. Dada akasema kichwa kinamuuma. Mama hakubisha. Alishuka peke yake kwenye ule ukumbi mkubwa wenye vitambaa vyeupe, akawekwa meza moja na wazee wawili wa Louisiana ambao walikuwa wakarimu kweli, ila hawakujua Kiswahili cha "onja na hiki." Kwenye ukumbi ule unaruhusiwa kuagiza vyakula viwili vya kuanzia, hata sahani kuu mbili, bila kuongeza hela. Mama aliagiza samaki mmoja na kiti cha mbele yake kikabaki kitupu.

Huku chumbani mwenzake alikuwa anachovya pakiti mbili za chai kwenye kikombe kimoja.

Ile chai ukisoma vizuri maandishi madogo nyuma ya boksi, kiungo kikuu ni sanamaki. Bibi zetu wa pwani wanaijua sanamaki vizuri, ni dawa ya kufungua choo. Inakutoa maji na chumvi za mwili, mzani unashuka, mafuta yako yamekaa palepale yanakuangalia. Ukiitumia mfululizo kwa muda mrefu unaweza kuharibu mpangilio wa potasiamu mwilini, na potasiamu ndiyo inayosaidia moyo kudunda sawasawa. Si kitu cha kunywa siku 60 kwa sababu kina boksi zuri.

Siku ya 65 hakula kitu cha maana, alishinda chooni. Siku ya 66 meli ikafunga Roatán, kisiwa cha Honduras, na akapanda mzani kwa haraka kabla ya kushuka: 81.7. Akaposti. Dakika arobaini baadaye, kwenye gati, jua limewaka, akaona giza. Mama mkubwa alimdaka kabla kichwa hakijagonga zege.

Wahudumu walitaka kumpeleka zahanati ya melini, ambako bili inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya chumba na si bei ya kwetu. Mama akawaambia wasubiri kidogo. Alimkalisha kivulini, miguu juu ya begi, akatoa kipochi chake. Huyu mama ana sukari, mwaka wa nane sasa, na kila asubuhi anajitoboa kidole kabla ya chai. Akaweka sindano mpya, akamtoboa mwanaye: 62. Kwa vipimo vya Marekani chini ya 70 ni sukari iliyoshuka. Akampa juisi, baadaye biskuti za chumvi, baadaye maji kidogo kidogo. Baada ya robo saa akapima tena, namba ikawa inapanda, dada akaanza kuongea vizuri.

Ndipo mama akasema lile neno ambalo dada amelisimulia kwa mashosti wake mpaka likafika mjini. "Mimi napima ili nile. Wewe unapima ili usile. Sasa kati yetu nani mgonjwa?"

Akaongeza na la kitenge. Hilo ndilo lililomliza dada.

Kuanzia hapo mzani ukaingia chini ya kitanda. Siku zilizobaki alimfuata mamkubwa kwenye bafe kama mwanafunzi, na wanaosema mwenye sukari hafai kwenda kwenye meli ya kitalii wangemwona yule mama. Anaanza kwa kuzunguka meza zote mikono mitupu, anaangalia, anacheka, ndipo anachukua sahani. Mboga na samaki kwanza, wali kijiko kimoja, keki moja ya wawili. Saa mbili baada ya kula anapima tena kuona chakula kile kimemfanya nini. Ikizidi 180, kesho kijiko cha wali kinapungua. Usiku wanapanda kutembea raundi za sitaha ya juu, upepo unapiga, wanasengenya ukoo mzima. Lifti waliiacha kwa wenye haraka.

Kwenye bafe walimkuta kijana wa Mombasa anayehudumu pale. Aliposikia Kiswahili nusura adondoshe trei. "Shikamoo mama! Mwatoka Bongo?" Yeye alikuwa mwezi wa sita kwenye mkataba, anafanya kazi siku saba za wiki, na mkanda wake ameutoboa matundu mawili mapya. Meli moja, abiria wa juu wanalegeza suruali na wahudumu wanakaza. Mamkubwa alimwachia bakshishi na namba ya simu ya binti wa rafiki yake, lakini hayo ni mambo mengine.

Siku ya 68, meli imefungwa Cozumel, Meksiko, imetulia, dada aliuvuta mzani mara moja. 83.4. Akavaa jinzi yake ileile ya kusafiria, ikafunga tundu lilelile la mkanda. Hakuposti.

Huko mtandaoni komenti zilikuwa zinachemka. Wengine "kala bata kilo zimerudi", wengine "chai feki hiyo", mmoja akaapa kwamba dada amefanyiwa upasuaji Miami, na Miami hakufika hata kwa bahati mbaya.

Alikaa Houston wiki mbili zaidi, akila kama alivyokuwa anakula Dar kabla ya safari, chai akiwa ameimwaga. Mzani sakafuni, nyumba haiyumbi: 82.0. Kile alichokuwa anakikimbia melini kilikuwa mkojo tu.

Mwenye chai naye hakusahau. Picha zilikatika siku ya 66, mkataba umevunjwa, nusu ya pili haikuingia na ya kwanza inadaiwa. Dada analipa kidogo kidogo kwa kuuza zile nguo za matangazo. Siku hizi anajipima Jumatatu tu, na tumbo analipima kwa futi ya fundi cherehani mara moja kwa mwezi. Wafuasi kama elfu kadhaa wamemkimbia, wanasema amekuwa hana mvuto.

Mamkubwa ameshalipia tena safari ya mwakani. Ameomba meza ya watu wawili, karibu na dirisha, na amemtumia mwanaye ujumbe wa sauti kwamba kitenge ashone na yeye.