Mwito wa Nyumba Nzima

Naomba kueleza jambo lililotupata sisi wa nyumba moja hapa Mamba, katika nchi ya Wapimbwe, mkoa wa Katavi. Sileti habari hii ili niwasifu watoto wangu, wala ili niwalaumu. Naileta kwa kuwa wasomaji wengi wana watoto waliokwenda mijini, na baadhi yao, kama mwanangu, hawakwenda kutafuta fedha bali kumtumikia Mungu kati ya watu wa vichochoroni. Nasi tuliobaki nyumbani hatujui tuwaambie nini.

Mwanangu ni seremala. Alikuwa na karakana yake Mpanda mjini, mkewe akishona nguo barazani, na Mungu alikuwa amewajalia watoto watatu. Mwaka 2016 alikwenda Dar es Salaam kununua misumeno na randa, akafikia kwa jamaa yetu akaaye Manzese, kando ya barabara ya Morogoro. Alikusudia kukaa siku nne, akakaa majuma matatu. Aliporudi hakuwa na msumeno hata mmoja. Nilipomwuliza, akanijibu, "Baba, fedha zile zimekwenda katika mazishi."

Akanieleza. Kulikuwa na kijana aliyelala usiku chini ya meza za wachuuzi, akashikwa na homa, akafa, wala hapakuwa na mtu aliyejua jina la baba yake. Wapangaji wa nyumba ile, Wakristo kwa Waislamu, wakachanga sanda, naye mwanangu akanunua mbao, akatengeneza jeneza kwa mikono yake uani. Kisha akasema neno ambalo nilikwisha kulinusa tangu aliposhuka garini: "Baba, nimeitwa. Nataka kuhamia huko pamoja na mke wangu na watoto. Nitafungua karakana, niwafundishe vijana wale kazi mchana, na jioni tusali."

Nilinyamaza kitambo, maana hasira ilinikaba. Hata nilipopata sauti nikamwambia kuwa mwito wa Injili ni wa kwenda mahali pasipo kanisa, na Dar es Salaam makanisa ni mengi kuliko visima vyetu. Akanijibu kwa upole, "Kanisa lipo, Baba. Yule kijana alikuwa akilala hatua chache tu kutoka mlangoni pake." Sikuwa na la kumjibu, lakini sikumpa baraka yangu siku ile, wala mwezi ule.

Yafaa niseme kweli sasa. Sababu niliyoitaja haikuwa sababu yangu. Baba yangu mzazi alikuwa katekista wa siku za baiskeli, hapa katika bonde la Rukwa. Alitumwa akaenda, akatumwa tena akaenda tena. Mara tatu tulihama kabla sijatimiza miaka kumi na miwili. Katika kijiji cha pili dada yangu mdogo alikufa kwa surua, mama akamzika kati ya watu wasio ndugu zetu. Mwaka uliofuata tukahamishwa, na kaburi likabaki pale bila mtu wa kulipalilia. Baba aliitwa, mama alikubali, sisi watoto tulipakiwa pamoja na vyungu. Baba alikuwa mtu mwema, na watu aliowafundisha dini wamejaa hata leo katika vijiji vile, lakini sikumbuki siku hata moja aliyotuuliza neno juu ya safari zile.

Waliondoka mwaka 2017, mwezi wa Julai. Usiku wa mwisho walilala kwetu Mamba, na mjukuu wangu wa kwanza, binti wa miaka kumi na mmoja, akaja kuketi karibu nami jikoni bibi yake akiwa anakaanga karanga za safari. Akaniuliza, "Babu, hivi mimi nami nimeitwa, au ameitwa baba tu?"

Nimefundisha shule miaka thelathini na minne, nikaulizwa maswali mengi, lakini hilo lilinishinda. Nikamwambia akalale.

Walipokwisha kwenda nikaanza kulitafuta jibu katika vitabu, kama ilivyo desturi ya walimu. Nilianza na habari ya karibu. Kila mtu wa nchi hii amesikia habari za Karema, huko pwani ya ziwa Tanganyika, ambako Mapadre Weupe waliichukua ngome ya Wabelgiji mwaka 1885. Hapo ndipo alipofika Adrien Atiman mwaka 1889, akawa katekista na mganga wa watu hata alipofariki mwaka 1956. Alimwoa Agnes, na mtoto wao Joseph akapewa upadre mwaka 1923. Darasani nilikuwa nikisema, "Tazameni, nyumba nzima iliitwa." Safari hii nikaisoma habari ile polepole zaidi. Atiman alizaliwa mbali sana, upande wa Timbuktu, akaibwa akiwa mtoto mdogo, akauzwa utumwani, hata mapadre wakamkomboa kwa fedha huko Algeria. Safari yake ya kwanza haikuwa mwito, ilikuwa wizi. Wakamsomesha, wakampeleka Malta ajifunze uganga, na alipokuwa mtu mzima ndipo alipoifunga safari ya kuja kwetu. Miaka yote nilikuwa nikiyachanganya mambo yale mawili, kuchukuliwa na kuitwa, kama kwamba ni kitu kimoja.

Kisha nikasoma habari za wale walioingia mijini hasa. William Booth na mkewe Catherine walianza kazi yao mwaka 1865 katika mitaa ya mafukara, mashariki ya mji wa London, na kazi ile ikawa Jeshi la Wokovu, ambalo lilifika hata Tabora kwetu mwaka 1933. Walikuwa na watoto wanane, wakalelewa ndani ya kazi, na karibu wote wakawa maofisa. Lakini Ballington aliliacha jeshi la baba yake mwaka 1896, na mwaka 1902 Herbert na dada yake Catherine nao wakaliacha. Hawakumwacha Mungu, waliendelea kuhubiri kwa njia nyingine. Lakini baba alikuwa pia jemadari wao, na mtoto akigombana na jemadari wake, baba atampata wapi?

Na katika siku zetu yupo Charles Mulli wa Kenya, aliyezaliwa mwaka 1949, akaachwa na wazazi wake akiwa mtoto, akaishi kwa kuomba chakula. Baadaye alipata utajiri katika mji wa Eldoret kwa biashara ya magari ya abiria na nyinginezo. Mwaka 1989 aliiacha biashara, naye na mkewe Esther wakaanza kuwaingiza watoto wa barabarani katika nyumba yao wenyewe, nyumba ile ile waliyokuwa wakilea watoto wao wanane. Wageni wakaongezeka hata nyumba haikutosha, na kazi ikaendelea katika shamba la Ndalani, huko Yatta. Watu wengi humsifu Mulli, na ni haki yake. Mimi niliposoma niliwafikiri wale wanane, waliolala jioni wakiwa na baba wa watu wanane, na baada ya muda wakawa na baba wa mamia. Baadhi yao walipokuwa wakubwa waliifanya kazi ile ile kwa mikono yao, na hilo lilinifariji, maana ina maana kwamba walipata siku ya kusema ndiyo yao wenyewe.

Hata mwaka 2019, mwezi wa Aprili, nikaamua kwenda kuona. Nilivuka mbuga ya Katavi hata Mpanda, nikapanda garimoshi kupitia Kaliua na Tabora. Mvua za masika zilikuwa zimeanza huko pwani. Wasomaji ambao hawajafika Manzese wasidhani ni mahali pa majumba marefu. Ni nyumba za chini, bati kwa bati, na kati ya nyumba na nyumba pana uchochoro ambao mtu mwenye gunia begani hupita kwa ubavu. Jeneza likitolewa ndani sharti liinamishwe. Maji hununuliwa kwa dumu. Mwanangu na watu wake wanne walikuwa katika vyumba viwili vya kupanga, na katika chumba cha kwanza walilala pia vijana wawili wasio na kwao.

Kazi niliiona, na sitaki kuipunguza. Chini ya kibanda cha bati palikuwa na meza mbili za useremala na vijana sita, wakitengeneza vigoda, milango, na majeneza ambayo mara nyingi hulipwa nusu. Mmoja alinionyesha pembe ya droo aliyoiunganisha bila msumari, akaishika muda mrefu kabla ya kunipa. Mkwe wangu alikuwa akizunguka na akina mama wa Jumuiya kuwaogesha wagonjwa, na alipochelewa watoto wake walilishwa na jirani, mama wa Kiislamu, ambaye aliniita baba tangu siku ya kwanza. Jioni walisali uani. Nilisali nao, nikajua kwamba mwanangu hakudanganyika, aliitwa kweli.

Siku ya nne nikamkuta mjukuu wangu, yule binti, anafua peke yake huku anatoka machozi. Nilimbembeleza sana kabla hajasema. Viatu vyake vya shule, ambavyo bibi yake alimnunulia kwa fedha za mpunga, baba yake alikuwa amempa binti mmoja wa uchochoro wa pili asiye na viatu. "Babu, mimi sikatai kutoa," akasema. "Lakini hakuniuliza. Niliamka asubuhi nikavitafuta." Akaenda shule na ndara, akasimamishwa langoni hata saa nne.

Ndugu wasomaji, viatu ni kitu kidogo. Lakini sauti ile niliijua. Ilikuwa yangu mwenyewe, nikiwa juu ya mzigo wa vyungu.

Usiku nikamfuata mwanangu karakanani. Nikamwambia, "Mwanangu, nilikunyima baraka mwaka wa kwanza, na leo nakupa, maana nimeona. Lakini viatu vile havikuwa vyako." Akakasirika, akanitajia neno la Yohana Mbatizaji juu ya mwenye kanzu mbili. Nikamwambia, "Huyo alisema mwenye nazo atoe. Hakusema amvue mwanawe." Akachukua randa akaanza kulainisha ubao ambao ulikuwa laini tayari, nami nikakaa pale juu ya mbao za majeneza, tukasikiliza mvua. Baadaye akasema, bila kunitazama, "Nilidhani wao ni mimi."

Asubuhi aliwaita watoto wote watatu, akamwomba binti yake msamaha mbele ya mama yake na mbele ya wale vijana wawili. Katika mila zetu si jambo jepesi baba kumwomba mtoto radhi. Mimi nilitoka nje nikajifanya natazama mawingu. Kisha akawauliza kila mmoja, yeye anatakaje. Mvulana akasema atabaki, maana anapenda kazi ya mbao na ana rafiki wengi. Yule mdogo alikuwa bado hajui kutaka. Binti akasema, kwa sauti ndogo, kwamba angependa kurudi Mamba na babu. Mama yake akalia, lakini hakumzuia.

Tuliporudi, watu wa hapa walisema mengi. Wengine walisema kazi ya mwanangu imeanza kuvunjika. Mzee mmoja wa kanisa aliniambia waziwazi kwamba binti hana imani kama ya wazazi wake. Huyo namjibu hapa, kwa kuwa najua husoma gazeti hili: imani ya wazazi wake ni ya wazazi wake. Yeye anayo yake, na ni mapema kuipima. Alisoma sekondari akiwa kwetu, na sasa anasomea uuguzi. Wakati wa likizo huenda Manzese mwezi mzima, akawaogesha wagonjwa pamoja na mama yake, akarudi. Niliwahi kumwuliza kama atahamia huko akimaliza masomo. Akasema, "Nikiitwa nitasikia mwenyewe, Babu."

Mwezi ule niliporudi kutoka Dar es Salaam nilimwomba kijana mmoja wa pikipiki anipeleke katika kijiji kile cha pili cha utoto wangu. Nilikuwa nimechukua jembe. Mahali palipokuwa na makaburi ni shamba la mpunga sasa, na mwenye shamba, Msukuma mpole aliyehamia juzijuzi, alinizungusha tuta kwa tuta akinisaidia kutafuta, ingawa hatukujua tunatafuta nini, maana msalaba wa mti haudumu miaka sitini. Nikasali penye mti wa mwembe uliokuwapo tangu zamani, nikarudi na jembe langu halijagusa udongo.

Mwaka huu mpunga umekubali. Nimepeleka magunia mawili Mpanda yasafirishwe kwenda Manzese. Moja nimeliandika kwa wino, kwa herufi kubwa, WAGENI. La pili nimeliandika majina ya wajukuu wangu wawili waliobaki kule, na chini yake nimeongeza kwamba lisifunguliwe kabla ya kuwauliza.