Kabla ya Kufika Mombasa, Jua Mtakapolia

Msomaji, ikiwa unapania kuipeleka familia yako Mombasa kwa siku moja tu, jambo la kwanza la kupanga si nguo za kuogelea wala filamu ya kutazama njiani. Panga mahali mtakapolia chakula cha mchana. Neno hilo lina maana mbili, na Disemba moja mimi nilikaribia kuzionja zote mbili kwa mpigo.

Safari yenyewe si ngumu. Treni ya usiku hutoka Syokimau saa nne na kukufikisha Miritini kabla ya mapambazuko, nayo ya kurudi huondoka saa nne usiku huo huo. Una siku nzima mikononi bila kulipia chumba cha kulala. Nauli ya daraja la kawaida ilipandishwa kutoka Sh1,000 hadi Sh1,500 mwanzoni mwa 2024, lakini ukipiga hesabu utaona bado ni nafuu kwa mwenye watoto. Kata tiketi mapema, hasa shule zikifungwa.

Tulikuwa watano: mimi, mke wangu, watoto wawili, na mama yangu mzazi ambaye kwa miaka 70 na ushei alikuwa hajaiona bahari. Nilikuwa nimemwahidi tangu nilipopata mshahara wa kwanza. Mama ana kisukari. Hunywa dawa zake asubuhi, na chakula cha mchana hakingoji mtu. Alikuwa amejitayarisha vilivyo, na kikapu chake kilijaa githeri, chapati, ndizi na chupa ya chai isiyo na sukari.

Asubuhi ilikwenda barabara. Tulikula mahamri na mbaazi za nazi Mji wa Kale (mama alionja hamri moja akaliweka kando), kisha tukaingia Fort Jesus, ngome waliyoijenga Wareno kati ya 1593 na 1596 na ambayo UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2011. Ni ziara nzuri, ila ukuta ule wa matumbawe unatunza joto kama tanuri. Ukikaribia saa tano, toka.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilikuwa na picha yangu kichwani: meza ufuoni, kivuli cha mnazi, upepo. Tukavuka daraja la Nyali hadi pwani ya kaskazini na kufika kwenye lango la hoteli moja. Bawabu akatazama kikapu. "Bosi, chakula cha kutoka nje hakiruhusiwi." Nikauliza bei ya chakula cha ndani. Sahani moja ingemlipia mtu nauli ya treni kwenda na kurudi. Tukageuka.

Ufahamu jambo hili, msomaji. Hoteli inaweza kukuzuia langoni mwake, lakini haiwezi kukuzuia ufuoni. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Shida ni kuifikia. Utatembea ukutani kwa ukuta, kiwanja kwa kiwanja, jua likikuchoma utosi, ukitafuta uchochoro wa kupenya. Sisi tulitembea karibu saa nzima, mama akijikokota nyuma na kusema hajachoka.

Tulipoipata bahari maji yalikuwa mbali, mchanga umetandaa kama uwanja wa mpira. Watoto wakataka tukae karibu na maji, nami nikatandika leso pale walipotaka. Mtu wa bara hajui bamvua. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, maji hupwa na kujaa kuliko siku nyingine, na tofauti yake huweza kupita mita tatu. Mombasa siku hizo hupwa kabisa mwendo wa saa nne au tano asubuhi, yakawa yamejaa mwendo wa saa kumi jioni. Adhuhuri basi ndiyo saa yanapopanda kwa haraka. Kufumba na kufumbua wimbi likaingia kwenye kikapu. Githeri ikawa mchanga na chumvi. Tulipokuwa tukiokoa viatu, kunguru wawili wakashuka wakaondoka na chapati. Ndege hawa wana asili ya Bara Hindi, walipelekwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, na sasa mji wote ni wao.

Tukakimbilia mvinje. Kivuli cha mvinje ni cha uongo, majani yake membamba hayazuii chochote. Nilipomgeukia mama, ilikuwa saa nane, jasho lilimtiririka na mikono ikimtetemeka. Akaniita kwa jina la marehemu kaka yangu.

Sina haja ya kukueleza moyo wangu ulivyokuwa. Mke wangu ndiye aliyetambua kuwa sukari imeshuka. Mama mmoja muuza achari aliona, akatuwahi na kiti chake cha plastiki. "Keti hapa mamangu, keti," akasema, na kumtilia chai yake mwenyewe, vijiko vinne vya sukari. Alikataa pesa. Baada ya robo saa hivi mama aliniita kwa jina langu na kuuliza ni nani aliyemwaga githeri yake.

Muuza achari huyo ndiye aliyetuuliza, kwa mshangao kidogo, kwa nini tulikuja huku kutafuta pa kulia ilhali tulitoka kisiwani. "Nendeni Lighthouse," akasema. Ndivyo wenyeji wanavyopaita Mama Ngina Drive, mwendo mfupi wa tuktuk kutoka hiyo hiyo Fort Jesus tuliyoiacha asubuhi.

Nenda huko, msomaji, na uende moja kwa moja. Bustani ilitengenezwa upya na sherehe za Mashujaa za 2019 zikafanyiwa hapo. Pana kuta za kuketi juu ya mwamba, na kuna mibuyu minene ambayo kivuli chake si cha mvinje. Maji yako chini kabisa, hayatakufuata. Muhogo huchomwa makaani, ukapasuliwa na kujazwa chumvi, pilipili na ndimu. Kuna viazi karai, mishikaki na kachiri za muhogo. Ukiagiza dafu, sema kama walitaka la maji au la kukomba, maana lenye nyama laini ndilo linaloshibisha mtoto. Uliza bei kabla ya kuketi, na funika sahani yako, maana kunguru wako huko pia. Usibebe mifuko ya plastiki. Ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017. Siku za Jumapili jioni hujaa sana, kwa hivyo fika kabla ya saa saba.

Mama alikula mishikaki na kipande cha muhogo, mgongo kwenye mbuyu. Meli kubwa ya makasha ilipita mbele yetu ikiingia Kilindini, karibu hata ukadhani ungeigusa. Aliitazama mpaka ikapotea, kisha akauliza kama watu walio ndani wamekula.

Kabla ya kwenda stesheni alituomba tumshukishe tena penye maji, upande wa feri ya Likoni. Aliijaza chupa yake ya chai maji ya bahari, akaikaza kifuniko. Alisema majirani hawatamwamini mpaka waonje wenyewe hiyo chumvi.