Hela Imekatwa, Haijafika

"Hela imekatwa lakini haijafika." Hapa Chang'ombe, Dodoma, kauli hiyo haihitaji ufafanuzi. Safari hii niliisikia kwa jirani yangu, mama anayeuza maandazi. Alimtumia mwanaye aliyeko chuo 45,000, mtandao tofauti. Huduma kwa wateja upande mmoja wakamwambia tumeshatuma. Upande wa pili, hatujapokea. Siku ya tatu ikarudi yenyewe, bila maelezo. Naamini hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alikuwa anaona mlango wake tu.

Dogo mmoja wa mtaani anayeandika programu za malipo ndiye aliyenifungua macho. Ukibonyeza "tuma", simu inaita seva moja, nayo inaita ya kukagua salio, kisha ya makato, kisha ya mtandao wa pili. Mwaka 1984 Andrew Birrell na Bruce Nelson wa Xerox, California, walichapisha namna ya kufanya wito kwa kompyuta ya mbali uandikwe kama wito wa ndani ya mashine ileile, ili mwandishi wa programu asihangaike na umbali. Kazi nzuri sana. Ila umbali ulifichwa tu, haukuondoka.

Kuongeza ufuatiliaji ni kuurudisha machoni. Ombi likianza linapewa namba, na kila seva inayoita nyingine inaipitisha namba ileile, huku ikiandika ilianza saa ngapi, ikamaliza saa ngapi, iliitwa na nani. Kama mzigo wa basi kwenda Kondoa: namba ya risiti ndiyo inayoutambulisha njia nzima. Seva moja ikisahau kuipitisha, uzi unakatikia hapo.

Google walipoeleza mfumo wao wa Dapper mwaka 2010, walisema mwanzoni walifuatilia ombi moja katika kila 1,024, maana kuandika yote kunaelemea mitambo. Ukitafuta kinachochelewesha kazi, inatosha. Kwa mama wa maandazi haitoshi hata kidogo, kwa sababu muamala wake karibu hakika umo kwenye zile 1,023. Dogo yeye anasubiri ombi liishe kwanza: lililokwama analihifadhi lote, yaliyopita salama anabakiza machache. Majina na viasi vya hela haandiki, na hilo nimelipenda.

Nikamuuliza, sasa kwa nini namba hiyo isiwekwe kwenye meseji ya mteja, aisome pande zote mbili? Tangu 2020 W3C wana muundo mmoja wa kuiandika, kwa hiyo kampuni mbili zinaweza kuelewana.

"Kaka, hiyo ni ya mafundi. Halafu ina herufi na tarakimu 32, nani atazisoma kwenye simu?"

Nikamkumbusha kwamba mama huyo anaingiza tarakimu 20 za LUKU kwenye mita yake, usiku, kwa tochi. Dogo akacheka, akasema atafikiria.